Kundi Lenu Likienda kwa Wabaski: Vidokezo 13 vya Ziara ya Mafunzo

Wabaski wanaishi pale milima ya Pirenei inapoishia baharini, wengi wao Hispania na wachache Ufaransa. Nchi yao ni ndogo. Kutoka Bilbao hadi Bayonne hamfikishi saa mbili kwa gari. Udogo huo unawapa wageni tamaa ya kukimbia: picha mbele ya jumba la sanaa la Guggenheim, vitafunio viwili, kisha basi linaondoka. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeona majengo tu. Mambo mazito ya Wabaski yanafanywa na watu walioungana. Wanakula kwa makundi, wanaburudika kwa makundi, hata viwanda wanavimiliki kwa makundi. Kwa hiyo kundi lina nafasi nzuri kuliko msafiri wa peke yake, mradi lijue kukaa na watu. Haya, kazi kwenu.

1. Chagueni vituo vitatu, si kumi

Wabaski huhesabu majimbo saba: Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Nafarroa upande wa Hispania; Lapurdi, Nafarroa Beherea na Zuberoa upande wa Ufaransa. Kwa wiki moja au mbili, laleni Bilbao, San Sebastián na Pamplona, au badala ya Pamplona mlale Bayonne. Sehemu nyingine mwende asubuhi na kurudi jioni. Zoeeni mapema majina pacha: San Sebastián ndiyo Donostia, Pamplona ndiyo Iruña, Vitoria ndiyo Gasteiz. Vibao vya barabarani havitawasubiri mkumbuke.

Viza ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili. Iombeni katika ubalozi wa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Na pasipoti isibaki hotelini siku ya kuvuka kutoka Irun kwenda Hendaye. Daraja linaonekana wazi, lakini polisi wa Ufaransa hukagua watu pale, na watetezi wa haki za binadamu wamelalamika kwamba watu weusi ndio husimamishwa zaidi. Mkiwa hapo, tazameni katikati ya mto Bidasoa: kuna kisiwa kidogo ambacho Hispania na Ufaransa hupokezana kukitawala kila baada ya miezi sita. Hapo ndipo mawaziri wa wafalme wao walipotia saini mkataba wa amani mwaka 1659.

2. Mfuko mmoja, mweka hazina mmoja

Mbaski ana kuadrilla yake, yaani marafiki wa tangu utotoni anaozunguka nao baa hadi baa jioni. Kila mmoja hutoa kiasi kilekile kwenye mfuko wa pamoja, mmoja hulipa kila mahali, na hakuna anayeuliza nani kala nini. Igeni utaratibu huo. Watu ishirini wanaotaka risiti ishirini mbele ya mhudumu mmoja hawatapendwa popote duniani. Mkizidi wanane, gawanyikeni. Baa za mji mkongwe ni nyembamba, na kundi kubwa mlangoni linafukuza wateja wa kila siku, ambao ndio mliokuja kuwafahamu.

3. Kaixo kwanza, Kihispania baadaye

Kibaski, au Euskara kama wenyewe wanavyokiita, hakina ndugu yeyote anayejulikana kati ya lugha zilizo hai. Chini ya Franco, dikteta wa Hispania, kuanzia 1939 hadi 1975, kilifukuzwa shuleni na hadharani. Mwalimu Elbira Zipitria alifundisha watoto kwa Kibaski majumbani mwa watu, San Sebastián, katika miaka ya 1940. Kutokana na juhudi za aina hiyo zikakua shule za ikastola. Mwaka 1968 wanataaluma waliokutana Arantzazu waliweka msingi wa Kibaski sanifu. Leo katika Euskadi, eneo linalojitawala upande wa Hispania, ni lugha rasmi pamoja na Kihispania, na wazazi wengi huchagua watoto wao wasome karibu masomo yote kwa Kibaski. Upande wa Ufaransa hakina hadhi hiyo. Kama kundi lenu lina walimu, andikieni ikastola moja miezi kadhaa kabla. Ule ubishi wetu wa lugha ya kufundishia mtaukuta kwa watu ambao tayari wana vitabu, walimu na matokeo ya mitihani ya kuwaonyesha.

Matamshi hayatawasumbua: x ni "sh", tx ni "ch", z inakaribia "s". Shikeni matano: kaixo (hujambo), egun on (habari za asubuhi), mesedez (tafadhali), eskerrik asko (asante sana), agur (kwaheri).

4. Lirekebisheni tumbo, kisha mle kwa kusimama

Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa tisa na nusu; cha usiku ni saa tatu kwenda mbele. Katikati, majiko mengi ya migahawa hufungwa. Hapo ndipo pintxo zinapookoa maisha: vitafunio vidogo, vingi vikiwa juu ya kipande cha mkate na kijiti kimechomekwa.

Adabu yake ni hii. Agizeni kimoja au viwili, mle mkiwa mmesimama, mlipe, mwende baa nyingine. Vilivyopangwa kaunta ni vya baridi. Vizuri zaidi mara nyingi vimeandikwa ubaoni na hupikwa mkiagiza. Anzeni na Gilda: zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili ya achari kwenye kijiti kimoja. Ilizaliwa San Sebastián na ikapewa jina la filamu ya mwaka 1946 ya Rita Hayworth, kwa sababu nayo ina chumvi na ukali. Mwisho wa mzunguko, ingieni La Viña, katika mji mkongwe wa San Sebastián, mle keki ya jibini iliyoungua juu ambayo sasa inaigwa dunia nzima.

5. Msiokula nguruwe, semeni mapema na semeni tena

Nguruwe yupo hata pale msipomtarajia. Paja lake lililokaushwa hukatwakatwa juu ya mboga, soseji ya txistorra hufichwa ndani ya mkate, na maharage meusi ya Tolosa huletwa pamoja na nyama yake na soseji ya damu. "Bila nyama" kwa mhudumu inaweza kumaanisha kuna vipande vidogo tu. Tajeni kitu chenyewe: "sin jamón, sin cerdo", yaani bila paja hilo, bila nguruwe. Ulizeni pia kama mchuzi una mvinyo.

Habari njema ni kwamba bahari imewajali. Kuna marmitako, mchuzi wa jodari na viazi uliopikwa kwanza na wavuvi mashuani. Kuna samaki wa mkaa wa Getaria. Na kuna bakalao wa pil-pil, samaki wa chumvi anayepikwa kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na pilipili. Mpishi hutikisa sufuria polepole hadi ute wa ngozi ya samaki uyafanye mafuta yawe mazito kama mchuzi, bila hata chembe ya unga. Mkitaka nyama halali, nendeni mtaa wa San Francisco, Bilbao, wenye maduka na migahawa ya wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini na Magharibi.

6. Tafuteni mwaliko wa jikoni

Tangu karne ya 19 San Sebastián ina vyama vya mapishi. Wanachama wana jiko la pamoja, meza ndefu na stoo ya vinywaji. Hupika wenyewe, hula, kisha kila mmoja huandika alichotumia na kuacha fedha bila kusimamiwa. Kwa miaka mingi wanawake hawakuruhusiwa kabisa. Siku hizi vyama vingi vimebadilika, ingawa vingine bado vinawakaribisha mezani na kuwazuia jikoni. Mgeni huingia kwa kualikwa na mwanachama, hivyo mwombeni mwenyeji wenu wa chuo au wakala wa ziara awatafutie nafasi. Mkiingia, muulizeni mwenyeji mjadala huo wa wanawake umefikia wapi chamani kwake. Atawajibu kwa kirefu.

Mkisafiri kati ya katikati ya Januari na mwisho wa Aprili, msiikose nyumba ya pombe ya matufaha huko Astigarraga. Mtu akipaza sauti "txotx!", wote huacha sahani na kwenda kukinga bilauri kwenye mchirizi mwembamba unaoruka kutoka pipani. Chakula hakibadiliki: kimanda cha bakalao, bakalao na pilipili hoho, nyama ya ng'ombe ya mfupa, kisha jibini na jozi. Asiyekunywa aombe juisi, na atafaidi kelele bila gharama.

7. Bilbao, anzeni mtoni

Jengo la Guggenheim la Frank Gehry, lililofunguliwa 1997, halitahama. Kwanza pandeni metro hadi Portugalete mkaone Daraja la Bizkaia la mwaka 1893, kazi ya Alberto Palacio. Kibanda kinaning'inia kwa nyaya na kuvusha watu na magari karibu na uso wa maji, huku chuma kirefu juu kikiacha meli zipite. Aliyewahi kusubiri feri ya Likoni ataelewa mara moja tatizo walilokuwa wakilitatua. UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, na bado linafanya kazi kila siku.

Kutoka hapo rudini kando ya mto kuelekea mjini. Kingo hizi zilijaa madini ya chuma, matanuri na karakana za meli. Miaka ya 1980 viwanda vilianguka na ajira zikaenda navyo; tanuri kubwa la mwisho lilizimwa 1996, mwaka mmoja kabla ya jumba la sanaa kufunguliwa. Sasa ingieni Guggenheim, na swali la jioni mtakuwa nalo: mji ukibadilisha chuma kwa utalii, nani hupata kazi mpya na nani hubaki?

8. Gernika, nendeni Jumatatu

Tarehe 26 Aprili 1937 ilikuwa Jumatatu, siku ya soko. Ndege za Wajerumani wa Kikosi cha Condor na za Waitalia, waliokuwa wakimsaidia Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ziliushambulia mji kwa saa kadhaa. Serikali ya Wabaski ilitaja vifo 1,654. Watafiti wa baadaye wengi wanataja idadi ndogo zaidi, na hesabu bado inabishaniwa. Upande wa Franco ulidai Wabaski waliuchoma mji wao wenyewe. Uongo huo uligonga mwamba kwa sababu mwandishi George Steer alifika usiku uleule, akaona makasha ya mabomu yenye alama za Kijerumani na kuandika katika gazeti la The Times la London. Steer, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa ametoka kuripoti vita vya Italia dhidi ya Ethiopia. Aliyoyaona kwa Wahabeshi aliyatambua upesi kwa Wabaski.

Soko la Jumatatu lipo hadi leo. Nunueni pilipili na jibini la Idiazabal, kisha mwende kwenye mwaloni ambao chini yake watawala wa Bizkaia waliapa kuheshimu sheria za wenyeji. Mti uliokuwapo 1937 ulinusurika mabomu. Wa sasa, uliopandwa 2015, ni wa ukoo uleule. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, basi ulizieni kwanza Makumbusho ya Amani, na ikibidi mlale huko. Mchoro wa Picasso wa shambulio hilo hamtaukuta hapa. Uko Madrid, katika jumba la Reina Sofía.

9. Habari za ETA, sikilizeni kuliko kuuliza

ETA, kundi la silaha lililodai uhuru wa Wabaski, ilizaliwa 1959 chini ya udikteta, ikaua watu zaidi ya 800, wengi wao baada ya Franco kufa. Miaka ya 1980 vikosi vya siri vya GAL, vilivyopambana na ETA, navyo viliua, na baadaye mahakama iliwatia hatiani maofisa wakubwa wa serikali ya Hispania, akiwamo aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani. ETA ilitangaza kuacha mashambulizi 2011 na kujivunja 2018. Mtu anayewauzia kahawa huenda ana jamaa aliyeuawa, aliyefungwa au aliyetishwa hadi akahama. Msimfanye kuwa somo. Mwalikeni mhadhiri, au mtembelee Kituo cha Kumbukumbu ya Wahanga wa Ugaidi, Vitoria-Gasteiz, kilichofunguliwa 2021. Kabla ya safari, wasomaji wakubwa waipitie riwaya ya Fernando Aramburu, Patria, ya mwaka 2016. Inasimulia familia mbili za kijiji kimoja zilizotenganishwa na mauaji.

10. Wana-SACCOS, siku yenu ni Arrasate

Mji huu mdogo, unaojulikana zaidi kwa Kihispania kama Mondragón, ulimpokea padri kijana José María Arizmendiarrieta mwaka 1941. Alianzisha shule ya ufundi 1943, na vijana watano waliopitia mikononi mwake wakaanzisha kiwanda cha ushirika mwaka 1956. Leo vyama vya ushirika vya Mondragon vina wafanyakazi kama 70,000, na vina benki yao na chuo kikuu chao. Mwanachama mmoja ni kura moja, na mshahara wa juu hauruhusiwi kupaa mbali na wa chini.

Wana utaratibu wa kupokea wageni wa mafunzo, lakini msiridhike na filamu ya kujisifu. Ulizeni maswali matatu. Fagor, kampuni yao ya majokofu na majiko, ilifilisika 2013: wanachama walipoteza nini, na nani alihamishiwa wapi? Wafanyakazi wa viwanda vyao vya nje ni wanachama au vibarua? Kijana anayejiunga leo hulipa kiingilio gani, na hukitoa wapi? Majibu hayo yatawafaa siku ya mkutano mkuu wenu.

11. Malenga jukwaani, mpira uwanjani

Bertsolari, malenga wa Kibaski, hupewa mada papo hapo, husimama mbele ya watu na kughani ubeti wenye mizani na vina vilivyopangwa, kwa tuni inayofahamika. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili atajikuta anahesabu mizani kwa vidole hata bila kuelewa neno. Fainali ya mashindano makuu kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka minne mbele ya maelfu ya watu, na mshindi huvikwa txapela, ile kofia ya duara. Maialen Lujanbio alikuwa mwanamke wa kwanza kuivaa, mwaka 2009, kisha akairudia 2017 na 2022. Maonyesho madogo hufanyika mwaka mzima katika baa na kumbi za vijiji.

Kwa soka, nendeni uwanja wa San Mamés. Athletic Club ya Bilbao huchezesha waliozaliwa au kukuzwa kisoka katika nchi ya Wabaski pekee, na haijawahi kushuka daraja. Mashujaa wake ni ndugu Iñaki na Nico Williams, wana wa wazazi wa Ghana waliovuka Sahara wakitafuta maisha. Iñaki huchezea Ghana, Nico Hispania. Waulizeni mashabiki Mbaski ni nani siku hizi, na mada ya kesho itakuwa imepatikana.

12. Mfuateni mtu aliyefika Malindi

Kilomita kama 50 kutoka Pamplona liko kasri la Javier, alikozaliwa Francis Xavier mwaka 1506. Akielekea India mwaka 1542 alipita Msumbiji na Malindi, na kanisa dogo la Wareno linalohusishwa na ziara yake bado linaonekana Malindi. Huko Azpeitia, Gipuzkoa, kuna nyumba ya Loyola alikozaliwa Ignatius mwaka 1491, na jina hilo limefika hadi kwenye sare za shule za Dar es Salaam. Kabla ya kukutana Paris na kuanzisha shirika la Wajesuiti, familia zao zilikuwa pande mbili za vita: mwaka 1521 Ignatius alijeruhiwa akiitetea Pamplona kwa ajili ya Kastilia, huku kaka zake Xavier wakipigana kuirudisha Nafarroa. Tembeleeni nyumba zote mbili, lakini siku tofauti, maana barabara ni za milima.

13. Bebeni koti la mvua, na pilau mfukoni

Mvua ya huko ni manyunyu yasiyokatika, wanayaita sirimiri, na mwavuli hauyawezi. Koti jepesi litakaa mgongoni hata Julai.

Nafasi iliyobaki begini itieni bizari nzima, mdalasini, iliki na karafuu. Nyama na maziwa msibebe, forodha ya Ulaya itavichukua. Wabaski wakikupikieni, watauliza kwenu mnakula nini, na kuwaeleza kwa maneno hakutoshi. Ombeni jiko siku moja, mgawane kazi, muwafundishe wenyeji wenu kuunga pilau. Mkimaliza, andikeni mlichotumia na kulipa, kama wanavyofanya wao.